Shajara ya mradi: lahajedwali la kufuatilia Saa 24 za Le Mans kwa kila daraja

Saa 24 za Le Mans ni mbio za magari za Ufaransa zinazodumu usiku na mchana bila kusimama. Lengo ni faili moja la LibreOffice Calc (programu ya lahajedwali) linalojibu maswali matatu wakati wowote wa mbio: nani anaongoza kila daraja na kwa pengo gani, gari gani linakaribia kuingia piti (kituo cha kujaza mafuta na kubadili tairi), na dereva gani anakaribia ukomo wa muda wake kwenye usukani. Matangazo ya televisheni hukaa na magari ya mbele. Anayetaka kujua mapambano ya nafasi ya 3 katika LMGT3, daraja la chini, saa tisa za usiku lazima ajihesabie mwenyewe, na mapambano hayo mara nyingi ndiyo matamu kuliko yote.

2 Machi 2025: Mpangilio wa kwanza

Uwanja una urefu wa kilomita 13.626. Orodha ya mwaka huu ina magari 62: Hypercar 21 (daraja la kasi zaidi), LMP2 17 (la kati) na LMGT3 24 (la chini, kwa kifupi GT). Yote yako barabarani kwa wakati mmoja, kila daraja likiwa na mshindi wake.

Faili limeanza na kurasa nne: Magari (namba, daraja, timu, madereva), Mizunguko, Piti na Msimamo. Mpango ulikuwa kuandika kila mzunguko wa kila gari. Hesabu ikaonyesha haiwezekani kabla hata ya kujaribu. Magari 62 yakizunguka mara 300 kila moja ni mistari 18,600. Saa 24 ni sekunde 86,400, kwa hiyo mwandishi angehitaji kujaza mstari mmoja kila sekunde 4.6 usiku kucha.

Jaribio la pili lilikuwa kuandika piti tu. Kwa makadirio ya kuingia mara 30 kwa gari, hiyo ni mistari 1,860, mmoja kila sekunde 46. Watu wawili wanaosaidiana wanaweza kuhimili kasi hiyo kwa nusu saa, kisha makosa yanaanza kurundikana.

Uamuzi uliobaki: magari 4 kwa kila daraja, jumla 12. Piti zao ni kama 360. Zikiongezwa alama za muda kila mzunguko wa 10 (mzunguko wa 10, 20, 30 na kuendelea), ni mistari mingine 420 hivi. Jumla 780, yaani mstari mmoja kila dakika 1 na sekunde 50. Kasi hiyo inabebeka. Gari likitoka mbioni, linaingizwa lililo jirani yake katika daraja, na alama zake zinaanzia hapo.

Kuna tabaka ndogo pia, na zinahitaji safu yake. Ndani ya Hypercar kuna shindano la timu binafsi (zisizo za kiwanda), na ndani ya LMP2 kuna Pro/Am (madereva wa kulipwa pamoja na wa ridhaa). Gari moja linaweza kuwa na nafasi tatu tofauti kwa wakati mmoja.

16 Machi 2025: Saa

Hapa ndipo muda mwingi ulipotea. Mbio zinaanza saa 16:00 za Ufaransa, ambazo ni 17:00 Afrika Mashariki, yaani saa kumi na moja jioni. Kwenye ukurasa wa majaribio mwandishi mmoja aliandika "4:10" akimaanisha saa nne na dakika kumi za usiku. Mwingine aliandika "4:10" akimaanisha alfajiri ya Ufaransa. Mwingine tena alinakili muda wa mbio uliopita tangu kuanza. Ni maandishi yaleyale kwa nyakati tatu tofauti, na kompyuta haiwezi kujua.

Kosa la pili lilijitokeza katikati ya usiku. Gari lililoingia piti 23:58 na kutoka 00:01 lilionyesha muda hasi. Dawa ya haraka ni MOD(toka-ingia;1), na inafanya kazi kwa tofauti fupi, lakini haisaidii kupanga mistari kwa mfuatano.

Suluhisho lililodumu ni saa moja tu kwenye faili zima: muda wa mbio, kuanzia 0:00:00. Saa ya ukutani haiandikwi popote. Anayetaka kuisoma kwa Kiswahili ana safu ya kuonyesha tu, inayojumlisha 17 kwenye muda wa mbio, kuondoa 6, kisha kuchukua baki ya 12. Baki ikiwa 0 inasomwa 12. Muda wa mbio 7:00 unatoa saa sita usiku, na ni sahihi.

Angalizo kwa anayenakili: umbizo la seli lazima liwe [h]:mm:ss, pamoja na mabano hayo. Likiwa h:mm:ss la kawaida, gari linalomaliza kwa 24:02:30 litaonyeshwa kama 0:02:30, na mtu atadhani limetoka tu kuanza. Thamani iliyo ndani ni sahihi, ila macho yanadanganywa. Pia muda ulionakiliwa kutoka kwenye ubao wa muda mubashara mara nyingi huingia kama maandishi. Dalili yake ni kujipanga upande wa kushoto wa seli. Usipougeuza kuwa namba, fomula zitauruka bila kutoa onyo.

30 Machi 2025: Nafasi ndani ya daraja

Kila gari lina ufunguo: mizunguko mara 100,000, toa sekunde za mara ya mwisho kuvuka mstari.

=C2*100000-ROUND(D2*86400;3)

Kwa kuwa sekunde za mbio hazifiki 100,000, mzunguko mmoja daima unashinda muda. Nafasi katika daraja:

=COUNTIFS($B$2:$B$13;B2;$H$2:$H$13;">"&H2)+1

B ni daraja, H ni ufunguo. Nafasi ya jumla ni fomula ileile bila sharti la daraja. Kwa magari 12 yanayofuatiliwa, namba hiyo ni nafasi baina yao, si ya uwanja mzima. Nafasi kamili inanakiliwa kutoka kwenye ubao kila saa.

Ili kurahisisha macho, ukurasa wa Msimamo ulikuwa ukipanga daraja la kasi juu, kisha LMP2, kisha GT. Jaribio la faili kwa namba za mbio za 2017 liliuvunja mpangilio huo. Mwaka ule daraja la juu, LMP1, lilikuwa na magari 6 tu, na matatizo yakayakumba moja baada ya jingine. Porsche namba 2 ilikaa karakanani zaidi ya saa moja mapema kwenye mbio. Porsche namba 1 ikafa Jumapili ikiwa inaongoza. Oreca ya LMP2 namba 38 ikawa mbele ya magari yote uwanjani. Namba 2 iliipita baadaye na kushinda kwa mizunguko 367 dhidi ya 366. Lahajedwali liliendelea kuiweka namba 38 chini ya magari ya LMP1 yaliyokuwa nyuma yake. Sasa ukurasa unapangwa kwa ufunguo peke yake, na daraja linaonyeshwa kwa rangi ya seli.

13 Aprili 2025: Pengo

Ufunguo unatosha kwa nafasi, lakini hautoi pengo. Gari A na B la daraja moja wameachana kwa sekunde 14. A anapovuka mstari, jedwali linasema yuko mzunguko mzima mbele. Sekunde 14 baadaye B anavuka, na pengo linarudi kuwa dogo. Ukitazama kwa wakati mbaya utadhani B ameingia piti au amepata ajali.

Ndiyo maana zipo alama za kila mzunguko wa 10. Pengo linapimwa kwa mzunguko uleule: muda wa B kumaliza mzunguko wa 120, toa muda wa A kumaliza mzunguko wa 120. Ukurasa wa Alama una safu tatu tu (gari, mzunguko, muda), na SUMIFS inachota muda kwa gari na mzunguko. Seli tupu inarudisha 0, hivyo lazima ifungwe kwa IF. Bila hivyo pengo la B ambaye hajafika linasomeka kama muda hasi wa saa kadhaa.

Magari ya madaraja tofauti hayalinganishwi kwa pengo. Kinacholinganishwa ni mara ngapi yatakutana, kwa sababu kila kupitana ni nafasi ya kupoteza sekunde. Kwa namba za duara: Hypercar ikizunguka kwa 3:30 na LMGT3 kwa 4:00, Hypercar inaikuta GT ileile tena baada ya mizunguko yake 8, yaani kila dakika 28. Kukiwa na GT 24 uwanjani, inapita moja kila sekunde 70 kwa wastani. Mzunguko mmoja ulio mzito kwa sekunde 3 si dalili ya tairi kuisha. Hukumu ya mwendo itolewe kwa wastani wa mizunguko 5 au zaidi.

4 Mei 2025: Gari la usalama

Jaribio la mbio za 2024 ndilo lililoharibu mambo mengi kuliko yote, na limefaa kuliko yote. Mvua ya usiku iliweka magari nyuma ya gari la usalama (linaloongoza msafara polepole kunapokuwa na hatari) kwa zaidi ya saa 4. Mshindi, Ferrari namba 50, alimaliza mizunguko 311. Gawanya saa 24 kwa 311: dakika 4 na sekunde 37.8 kwa mzunguko, piti na subira zote zikiwemo. Wastani wa namna hiyo hauelezi mwendo wa gari lolote.

Mambo matatu yalikosewa na kurekebishwa.

Kwanza, mapengo ya kabla na ya baada yalichanganywa. Tangu 2023, magari matatu ya usalama yanaingia kwanza kwa sababu uwanja ni mrefu, kisha misafara inaunganishwa nyuma ya gari moja. Baadaye wanaostahili wanaruhusiwa kuzunguka ili kurudisha mzunguko waliopoteza, na magari yanapangwa kwa madaraja kabla ya kuachiwa. Pengo la sekunde 80 lililojengwa kwa saa tano linaweza kufutika. Ukurasa wa Alama umeongezwa safu ya nne, "kipindi", inayopanda kwa 1 kila mbio zinapoachiwa upya. Hakuna wastani unaovuka kipindi.

Pili, utabiri wa piti. Fomula ya kwanza ilisema: zamu (mwendo kati ya piti mbili) ni mizunguko 12, kwa hiyo baada ya 12 gari linaingia. Nyuma ya gari la usalama matumizi ya mafuta yanashuka sana, na jedwali likaendelea kupiga kengele kwa magari yasiyokuwa na haja ya kuingia. Sasa mizunguko ya kijani (mwendo wa kawaida) inahesabiwa 1, na ya njano (nyuma ya gari la usalama) inahesabiwa kwa kizio kinachoanza na 0.5. Gari likiingia kwa sababu ya mafuta, kizio kinasahihishwa. Mfano: zamu kamili ni 12, gari limefanya 6 za kijani na 10 za njano kabla ya kuingia. (12 − 6) ÷ 10 = 0.6. Kizio kiwe cha kila gari, kisiwe cha daraja zima.

Ieleweke kwamba kwa Hypercar na LMGT3 si tangi peke yake linaloamua. Vipimo vya nguvu kwenye ekseli vinahesabu nishati iliyotumika kwa megajuli, na kila zamu ina mgao wake. Gari linaweza kuwa na mafuta na bado likalazimika kuingia. Asilimia ya nishati ikionekana kwenye picha za matangazo, iandikwe mara moja. Ni data bora kuliko hesabu yoyote ya mizunguko. Namba 50 ile ya 2024 iliitwa piti ikiwa imebaki chini ya saa mbili, kwa sababu mlango wake wa kulia ulikuwa haujafungika. Ratiba yake yote ya mafuta ikabadilika, na ilimaliza ikiwa na asilimia 2 ya nishati, sekunde 14.221 mbele ya Toyota namba 7. Jedwali lililohesabu mizunguko tu lilidai lazima ingeingia tena.

Tatu, gharama ya piti. Sanduku la timu (mahali gari linaposimama pitini) linaweza kuwa kabla au baada ya mstari wa muda, kwa hiyo muda wa kusimama unaangukia mzunguko wa kuingia kwa timu moja na wa kutoka kwa nyingine. Kulinganisha mzunguko wa kuingia peke yake kulitoa timu mbili zenye tofauti ya dakika nzima kwa kazi ileile. Kipimo sahihi kinajumlisha yote mawili: kuingia 3:50, kutoka 4:27, jumla 8:17. Toa mizunguko miwili safi ya 3:32, yaani 7:04. Gharama ni 1:13. Chini ya gari la usalama kipimo hiki hakitumiki kabisa. Taa ya kutokea piti inaweza kuwa nyekundu mpaka msafara upite, na anayekwama hapo analipa kiasi kisichohusiana na kazi ya mafundi wake.

25 Mei 2025: Muda wa madereva

Kanuni mbili zinazofuatiliwa: dereva asizidi saa 4 ndani ya saa 6 zozote, na asizidi saa 14 kwa jumla. Neno la kuzingatia ni "zozote". Toleo la kwanza liligawa mbio katika vipande vinne vya saa 6. Dereva aliyeendesha saa 3 mwishoni mwa kipande cha kwanza na saa 3 mwanzoni mwa cha pili alipita bila onyo, ilhali ameendesha saa 6 mfululizo.

Toleo la pili lilitumia SUMPRODUCT lenye MAX na MIN ndani yake. Halikutoa kosa lolote, lilitoa namba zisizo sahihi tu, jambo ambalo ni baya zaidi. MAX na MIN hupokea orodha nzima na kurudisha namba moja, hazipimi mstari kwa mstari.

Toleo linalofanya kazi lina safu ya msaada kwenye ukurasa wa zamu za madereva. D ni kuanza, E ni kumaliza, M1 ni muda wa mbio wa sasa:

=MAX(0;MIN(IF(E2="";$M$1;E2);$M$1)-MAX(D2;$M$1-6/24))

Kisha SUMIFS kwa jina la dereva. Seli ya jumla inageuka ya manjano ikifika 3:20 na nyekundu ikifika 3:50. Si lazima kukagua kila dakika. Jumla ya saa 6 zilizopita inapanda tu dereva akiwa kwenye usukani, kwa hiyo kukagua anaposhuka kunatosha kugundua kila uvunjaji. Onyo la mapema ndilo linalohitaji M1 inayosonga.

8 Juni 2025: Nani amemaliza

Mbio za 2016 zilitumika kwa jaribio la mwisho. Toyota namba 5 ilipoteza nguvu dakika za mwisho ikiwa inaongoza. Iliburuzika hadi mstarini, lakini mzunguko wake wa mwisho ulichukua 11:53.815 wakati kanuni ilitaka usizidi dakika 6. Jedwali liliiweka ya 2. Matokeo rasmi hayakuihesabu kabisa.

Ukurasa wa Msimamo sasa una masharti mawili ya kuhesabiwa: mzunguko wa mwisho uwe ndani ya ukomo, na umbali usipungue asilimia 70 ya ule wa mshindi. Kwa mshindi wa mizunguko 311, ukomo ni 217.7, kwa hiyo wenye 217 wanaanguka na wenye 218 wanabaki. Usikadirie kwa ROUNDDOWN.

Maandalizi ya vifaa: nakala ya faili kila saa kwa jina lenye muda wa mbio, na daftari lililopigwa mistari yenye safu tano (gari, mzunguko, muda, dereva, sababu) kwa ajili ya umeme kukatika. Bando lilipimwa mapema. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde inakula GB 0.45 kwa saa, GB 10.8 kwa mbio nzima. Sauti ya kilobiti 64 inakula MB 28.8 kwa saa, kama MB 691 kwa saa 24. Uamuzi: sauti na ubao wa muda kwa saa zote, picha kwa saa 3 za mwanzo na 3 za mwisho, GB 2.7. Programu yenyewe ni ya bure.

14–15 Juni 2025: Mbio zenyewe

Zamu za uandishi ni saa 3, watu wawili: mmoja anasoma, mmoja anaandika. Msomaji anataja namba ya gari kwanza, kisha mzunguko, kisha muda, bila kubadilisha mfuatano huo. Kubadilishana kulifanyika dakika 10 baada ya saa kamili ili nakala ya saa iwe imekwisha kuhifadhiwa.

Mwendo ulikuwa wa mbio kavu na za kasi. Mshindi, Ferrari namba 83 ya Kubica, Ye na Hanson, alimaliza mizunguko 387, wastani wa 3:43.3 piti zikiwemo. Alama za kila mzunguko wa 10 zilikuja upesi kuliko zilivyokadiriwa, na ukurasa uliotayarishwa kwa mistari 420 ulijaa kabla ya bendera. COUNTIFS na SUMIFS zilizofungwa kwenye $2:$421 ziliacha kuona mistari mipya bila kulalamika. Mapengo yaliganda. Dalili ilikuwa pengo lililobaki sawa hadi elfu ya sekunde kwa alama mbili mfululizo, jambo lisilotokea barabarani. Fomula zote zimepanuliwa hadi mstari wa 1,000.

Safu ya tabaka ndogo ililipa gharama yake: namba 83 ni gari la timu binafsi, hivyo ushindi wa jumla ulikuwa pia ushindi wa shindano la ndani. Pengo lake dhidi ya Porsche namba 6 lilikuwa sekunde 14.084, karibu sawa kabisa na lile la mwaka uliotangulia.

18 Juni 2025: Baada ya bendera

Ferrari namba 50, iliyovuka mstari ikiwa ya 4, iliondolewa kwenye matokeo baada ya ukaguzi kukuta bawa la nyuma linapinda kupita kipimo. Kufuta mstari wake kungeharibu kumbukumbu ya mapengo ya wengine waliopigana nalo. Badala yake imeongezwa safu "hali" yenye thamani tatu: limemaliza, limetoka, limeondolewa. Fomula ya nafasi imepata sharti la ziada kwamba hali ya gari linalohesabiwa isiwe "limeondolewa". Alama na piti zinabaki kama zilivyoandikwa.

Sharti hilohilo limejaribiwa kwa 2017, ambapo gari namba 13 la LMP2 lilipanda jukwaani likiwa la 3 kwa jumla kisha likaondolewa. Waliokuwa nyuma yake walisogea nafasi moja katika daraja na katika jumla, bila kugusa mstari mwingine wowote. Kilichobaki ni utabiri wa piti kwa LMP2: kizio cha mizunguko ya njano bado kinarukaruka kati ya gari na gari, na kinahitaji mbio nyingine yenye vipindi virefu vya gari la usalama ili kipimwe vizuri.